Jinsi ya Kupiga Filamu Mwanza Bila Kutuachia Mapanki

Sangara akifika kiwandani hukatwa mara mbili tu. Kisu huingia nyuma ya shavu, kikafuata uti wa mgongo mpaka mkiani, na mnofu wa kwanza ukatoka mzima. Samaki hugeuzwa, mnofu wa pili ukafuata. Bondo hutolewa tumboni na kuwekwa kando, maana lina wanunuzi wake na bei yake. Minofu huingia kwenye barafu kusubiri safari ya mbali. Kinachobaki mezani ni kichwa, uti wa mgongo, mkia na nyama kidogo iliyong'ang'ania mfupa. Hayo ndiyo mapanki. Wanawake huyanunua, wakayakausha na kuyakaanga, wakawauzia watu ambao bei ya mnofu hawaiwezi.

Kamera nayo inakata hivyo hivyo. Anayekuja nayo Mwanza huchagua sehemu nono, akaifunga vizuri na kuisafirisha, na sisi tunabaki na mifupa ya habari yetu wenyewe: sifa mbaya au sifa nusu, na filamu ambayo wengi wetu hatujaiona. Nimechoka kulalamika, kwa hiyo nimeandika mwongozo. Una hatua nane. Umfae Mzungu mwenye mkataba wa televisheni, kijana wa Dar es Salaam mwenye droni, na hata mtoto wa Igoma mwenye simu iliyopasuka kioo.

Hatua ya kwanza: shuka Mwanza yenyewe

Hili linaonekana dogo, lakini wakubwa wameshindwa. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alisimama kwenye kilima karibu na hapa, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji waliokuwa wakivua na kuoga humo kwa vizazi hawakuulizwa. Mwaka 1990 safari ya Speke na mwenzake Burton ikatengenezewa filamu ya Mountains of the Moon. Kamera zikapelekwa Kenya.

Ziwa Tanganyika nalo yamelikuta. The African Queen ya mwaka 1951, ya mwongozaji John Huston, imejengwa juu ya kisa kilichoazimwa kwa meli ya kivita ya Wajerumani katika ziwa hilo, meli tunayoijua leo kama MV Liemba. Huston alipiga picha Congo na Uganda, na Ziwa Albert likaigiza nafasi ya jirani yake. Ziwa kuigiziwa na ziwa jingine ni sawa na bibi harusi kuwakilishwa na dada yake siku ya ndoa. Watu watakula pilau, lakini kuna kitu hakiko sawa.

Basi shuka Mwanza. Ndege zinatua kila siku, mabasi yanaingia usiku na mchana. Ukishindwa kufika, andika hadithi ya mahali ulipo.

Hatua ya pili: piga hodi, kisha salimia

Hodi ya kwanza ni ya serikali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na kibali cha kupiga picha hutolewa kupitia Bodi ya Filamu Tanzania. Ukitaka kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa, nenda TANAPA. Mtaani mwone mwenyekiti wa mtaa. Mwaloni waone BMU, wale wanaosimamia mwalo, kwa sababu wao ndio wanaojua mtumbwi upi unarudi saa ngapi na mwenye nao ni nani.

Hodi ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo haina fomu. Asubuhi unasema "Mwangaluka." Utajibiwa "Mwangaluka mhola," na mtu atasimama akusikilize. Ukishukuru, sema "Wabeja." Maneno matatu, hayana ada, na yanafungua milango ambayo barua yenye muhuri haifungui.

Siku moja Mwaloni Kirumba nilimwona mama ameinama akigeuza dagaa kwenye kichanja. Kijana akaja na kamera kubwa, akasimama juu yake, akaanza kupiga. Mama akavuta khanga akafunika uso. Kijana alipoondoka nikasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona umejifunika?"

"Dagaa wangu watu wanauliza bei kabla ya kuwashika," akasema, mikono ikiendelea na kazi. "Huyu sura yangu kaichukua bila hata shikamoo."

Sijasikia somo la maadili ya utangazaji lililo fupi kuliko hilo.

Hatua ya tatu: Jiwe la Bismarck limalize asubuhi ya kwanza

Tunajua unalitaka. Kila anayekuja analitaka. Jiwe lile lililokaa juu ya mengine majini karibu na kivuko cha Kamanga, lililopewa na Wajerumani jina la kansela wao, limeshapigwa picha kuliko maharusi wote wa mji huu. Nenda alfajiri, maji yakiwa yametulia, lipige mbele na nyuma, likuridhishe.

Kisha geuka, maana mji uko upande wa pili. Panda vilima vya Mabatini na Igogo uone nyumba zilivyojengwa juu ya miamba, mtu ametumia jiwe kama ukuta wa nne na mwingine kama kibaraza. Tazama mama anavyoteremka na ndoo kwenye ngazi zilizochongwa na miguu ya watu. Nenda Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, wakati wa Bulabo, uone Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, kila kundi likitafuta kuwavuta watazamaji wote upande wake. Ni mashindano ya kutazamwa, yamekuwapo kabla ya televisheni, na hakimu ni umati unaohama kwa miguu. Mpiga picha asiyejifunza kitu pale basi hajifunzi.

Hatua ya nne: jifunze majina ya samaki

Usiniambie "samaki". Kuna sato, ambaye ukimletea mgeni umemheshimu. Kuna dagaa, anayevuliwa usiku kwa taa, mpaka giza la ziwa likawa kama mji mwingine unaoelea. Kuna furu, wadogo, wa aina mamia, ambao ziwa hili liliwazaa lenyewe. Na kuna sangara, ambaye si mwenyeji. Aliletwa miaka ya 1950 wakati wa ukoloni, akapandwa upande wa Uganda, akaenea ziwa zima. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Furu walikuwa chakula chake, na aina nyingi zikapotea mbele ya macho ya watafiti. Miongoni mwao alikuwa Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyefanya kazi hapa Mwanza na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya furu hao.

Majina haya yana kazi. Furu alipopotea, bibi aliyemzoea alipoteza mboga yake. Sangara alipopanda bei, vilikuja viwanda, ajira, magari ya barafu, nyumba za wageni, na vijana kutoka mikoa ya mbali. Ukitaja "samaki" tu, umefuta nani alipata na nani alikosa.

Hatua ya tano: tazama Jinamizi la Darwin, na uitazame mara mbili

Hii ndiyo hatua ndefu, kwa sababu ndiyo filamu iliyoipeleka Mwanza duniani, na jeraha lake halijapona.

Mwaustria Hubert Sauper alifika eneo hili mwaka 1997 akitengeneza filamu nyingine, juu ya wakimbizi wa Rwanda. Ameeleza kwamba kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza alikuta ndege mbili kubwa: moja imeleta tani 45 za njegere kutoka Marekani kwa ajili ya kambi za wakimbizi, nyingine inaondoka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki. Chakula kinashuka, chakula kinapanda, kwenye lami moja. Mtu mwenye jicho hawezi kuona hilo akalala. Akarudi, na filamu ikatoka mwaka 2004.

Mara ya kwanza itazame kama filamu. Ina nguvu. Marubani wa Ilyushin wamekaa wakinywa bia. Mlinzi wa usiku anaongea kuhusu vita kwa utulivu unaotisha. Dada mmoja anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania akiwa na marubani waliomlipa, na kabla upigaji picha haujaisha anauawa na mteja. Watoto wanagombea wali. Na mapanki yapo, yamejaa funza, yanaanikwa na kukaangwa kwenye moshi. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya César nchini Ufaransa kama filamu bora ya kwanza ya mwongozaji, na mwaka 2006 ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya hali halisi. Ikashindwa na filamu ya pengwini. Na ile ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, ambayo mpaka wake wa magharibi unakaribia ziwa letu, ilikuwa imeshaichukua Oscar hiyo hiyo mwaka 1960. Wanyama walipewa sanamu. Watu wa Mwanza walifika mlangoni.

Mara ya pili itazame kama mkazi wa Mwanza. Hapo utaanza kuhesabu visivyokuwepo. Hakuna mwalimu anayefundisha. Hakuna fundi mitumbwi wala harusi, na wala hakuna familia iliyokaa mezani ikila sato na ugali siku ya Jumapili. Filamu inaashiria kwamba ndege zinazobeba minofu zinakuja na silaha, na uzito wa hoja hiyo unategemea zaidi maneno ya watu kuliko kreti iliyofunguliwa mbele ya kamera. Mtazamaji wa Paris alitoka ukumbini akijua kitu kikubwa kuhusu biashara ya dunia, na akiamini kwamba mji mzima unaishi kwa mizoga.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na watu wakaandamana hapa Mwanza. Wengi wa walioandamana walikuwa hawajaiona. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani ya filamu alihojiwa na polisi, na uraia wake ukatiliwa shaka. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia, Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ikampa Sauper ushindi.

Nasema msimamo wangu waziwazi. Njaa aliyoionyesha ilikuwepo. Mapanki yaliliwa, na yanaliwa. Serikali ilikosea kumsumbua aliyesema, kwa sababu kuvunja kioo hakusafishi uso. Lakini Sauper naye alichukua mnofu mmoja akauita samaki. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi kundi lake dogo lilivyojifanya marubani ili kupita, na jinsi lilivyoshinda siku nyingi vituo vya polisi. Ukiingia mahali kwa kujificha utaona yaliyofichwa tu. Yanayofanyika mchana kweupe, ambayo ndiyo maisha ya wengi, hayatakusogelea.

Hatua ya sita: kaa mpaka watoto wakujue jina

Mfano mzuri upo, na ni wa ziwa hili hili. Mwingereza Harry Freeland alipiga In the Shadow of the Sun kwa muda wa miaka sita, akimfuata mwanaharakati Josephat Torner na kijana mmoja wa kisiwa cha Ukerewe, wote wenye ualbino. Ilikuwa miaka ile mibaya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani za kishirikina, na mwandishi Vicky Ntetema wa BBC akihatarisha maisha yake mwaka 2008 kuwafichua waganga waliokuwa nyuma ya biashara hiyo.

Filamu ilitoka mwaka 2012. Mambo ya kutisha yamo, lakini yamo pamoja na mtu anayetaka shule, anayecheka, anayekasirika, anayebishana na wazee kijijini na kuwabadilisha mawazo. Huwezi kupata hayo kwa wiki mbili. Baada ya filamu Freeland alianzisha shirika la Standing Voice, linalofanya kazi na watu wenye ualbino hapa Tanzania. Alichukua picha, akarudi na mkono.

Kwa hiyo pima muda wako kwa kipimo hiki: ukipita mtaani na watoto wanapiga kelele "Mzungu!" au "Wa televisheni!", bado hujakaa. Wakikuita kwa jina lako, washa kamera.

Hatua ya saba: lafudhi yetu si mboga

Hii ni kwa ndugu zangu watengenezaji wa filamu na vichekesho wa Tanzania. Mkiandika mlinzi wa geti asiyejua lifti, mnampa lafudhi ya Kisukuma. Mkiandika mgeni wa mjini anayeshangaa ghorofa, lafudhi ile ile. Utani tunaupenda, tumeukuza sisi. Lakini utani ni wa pande mbili. Mtani hukuchokoza ukamchokoza, na siku ya msiba ndiye anayechimba kaburi. Utani wa upande mmoja una jina lingine.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, na mpaka alipofariki Aprili 2012 alikuwa uso wa filamu za Tanzania. Kanda hii ilitoa bwana harusi, mfanyabiashara, daktari na mpenzi wa kwenye skrini, ilhali waandishi waliendelea kuitafutia walinzi. Mwandikieni Msukuma nafasi ya mhandisi wa meli, mwanasheria, nahodha wa kivuko. Mpeni mwigizaji wa Mwanza aseme mwenyewe, na akisema Kisukuma wekeni maandishi chini, kama mnavyoweka mkionyesha Kikorea.

Na msiba usiwe pambo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakapotea. Ukitaka kuyagusa hayo, anza Igoma kwenye makaburi ya waliokufa MV Bukoba, kaa na waliofiwa, uliza kwanza kama wanataka. Wakisema hapana, hilo ndilo jibu.

Hatua ya nane: rudisha filamu

Hatua zote saba zinaweza kukushinda ukasamehewa, lakini hii usiikose.

Mwanza ina watazamaji. Kila mtaa una kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, spika inayotetemesha ukuta, na joto linalostahili jina hilo. Humo watu wameangalia Wachina, Wahindi na Wamarekani wakitafsiriwa kwa sauti na mafundi wa maneno kama Lufufu, aliyeweza kumfanya jambazi wa Hong Kong aongee kama mtu wa Buguruni. Watazamaji hawa hawaogopi filamu ngumu. Wanabishana na skrini, wanamsahihisha mwigizaji, wanacheka mahali ambapo mwongozaji hakutegemea, na wanalia bila aibu.

Jinamizi la Darwin lina Kiswahili kingi ndani yake. Watu wetu wanazungumza lugha yetu, na Ulaya nzima ikawasoma kwa maandishi ya chini. Watazamaji pekee ambao hawakuhitaji maandishi hayo ndio walioiona mwisho, au hawakuiona kabisa. Fikiria kama ingefunguliwa Kirumba, wavuvi mbele, mama wa mapanki katikati, wenye viwanda nyuma, mwongozaji amesimama pembeni na maikrofoni. Ugomvi ungekuwa mkubwa. Mtu angesema hili ni uongo, mwingine angesimama na kusema ni kweli, mimi ndiye niliyekaanga. Ugomvi huo ungetufaa zaidi ya maandamano ya kupinga filamu tusiyoijua, na ungemfaa Sauper zaidi ya tuzo, maana angeambiwa na wenyewe kilichosahaulika.

Kwa hiyo, kabla hujapanga bajeti ya tamasha la Venice au Berlin, weka fungu la jenereta, kitambaa cheupe na usafiri wa kurudi Mwanza. Liandike kwenye mkataba, kama unavyoandika chakula cha waigizaji. Waliokuruhusu kuwapiga picha wapewe nakala. Na Jiji la Mwanza nalo litafute nakala za filamu zote zilizopigwa hapa, nzuri na mbaya, lizihifadhi mahali ambapo mwanafunzi wa Nyegezi anaweza kuingia na kuomba kuziona.

Basi karibu Mwanza. Njoo na kamera, salimia, kaa, fanya kazi yako kwa bidii. Minofu yako chukua, umeitolea jasho. Ila samaki mzima mrudishe hapa mwaloni, tumtazame pamoja.